Mkufu wa mawe kwa mwanaume: anza na shingo yako, rangi iwe ya mwisho

Juzi asubuhi kaka mmoja kaja na leso kaifunga fundo kama mama wa sokoni anavyofunga hela zake, kaifungua juu ya meza yangu, ndani kuna shanga 41 za lapis lazuli na kipande cha uzi. Mkufu wake ulikuwa na shanga 60 na kidogo. Zilizobaki ziko kwenye sakafu ya daladala, uzi ulikatika akiwa amesimama kashika bomba, shanga zikamwagika chini ya viti vya watu, akaokota alizoweza mpaka konda akaanza kulalamika. Nikazichukua moja moja nikazimulika na tochi. Mawe ni halisi, bluu nzuri kabisa yenye vichembe vinavyong'aa kama dhahabu (ile ni pairaiti, sio dhahabu). Sasa angalia midomo ya matundu yake, hapo ndo kisa chote kilipo, ilikuwa haijasuguliwa hata kidogo, ina ukingo mkali kama glasi iliyopasuka, na uzi ulikuwa unajikata pale kila akitembea, kila akigeuza shingo, wiki tatu tu kwisha habari.

Mi natunga na kutengeneza mikufu hapa Arusha, huu mwaka wa nane, na wanaume wanaokuja kwangu karibu wote wamechagua kwa njia moja, kapenda rangi, kalipa, kavaa. Hayo mengine yote anakuja kuyajua mkufu ukishakatika au ukishafubaa au ukishampa upele shingoni. Ndo maana naandika hii. Na dada zangu mnaowanunulia waume na kaka zenu nanyi someni, maana nusu ya mikufu ninayotengeneza ni zawadi ambayo mwanaume mwenyewe hakuulizwa hata saizi ya shingo.

Kwanza jijue unaishi vipi

Kabla hujatazama jiwe lolote jiulize huo mkufu utauvaa lini. Kila siku kuanzia asubuhi mpaka usiku? Au harusini na kanisani tu? Unafanya kazi gani, bodaboda, saiti ya ujenzi, jiko la hoteli, ofisini kwenye kiyoyozi? Unatoka jasho jingi? Unaenda jimu? Una mtoto mdogo anayevuta kila kitu shingoni kwako? Hayo ndo yanaamua. Mtu wa saiti akivaa jiwe laini miezi mitatu halitamaniki, mtu wa harusi mbili kwa mwaka anaweza kuvaa karibu jiwe lolote na likakaa miaka na miaka.

Alafu jua kuna mikufu ya aina tatu hivi. Ya kwanza ni cheni ya kawaida ya fedha, dhahabu au stili, na kidani chenye jiwe moja mbele. Ya pili ni shanga za mawe tupu zimetungwa mwanzo mpaka mwisho. Ya tatu mchanganyiko, cheni ambayo kila baada ya sentimita kadhaa kuna jiwe limeungwa katikati, hii ndo nzuri zaidi machoni mwangu lakini ndo yenye viungo vingi vya kukatika, kwahiyo ukichagua hii usiende kwa fundi wa bei chee. Kama huu ndo mkufu wako wa kwanza na huna uhakika, chukua cheni na kidani, ni rahisi kubadilisha kidani ukichoka na cheni ikabaki ileile.

Pima shingo, usikisie

Chukua kamba au tepu ya fundi cherehani, zungusha shingoni pale chini inapokaa kola, usikaze, soma sentimita. Wanaume wengi wanaangukia kati ya 37 na 43. Ongeza 5 mpaka 8 unapata mkufu unaokaa juu kwenye mfupa wa kola, ongeza 10 mpaka 15 unapata unaoshuka kifuani kidogo. Kwa urefu wa madukani, 45 ni fupi na kwa mwanaume mwenye shingo nene inabana, 50 ndo inakaa vizuri kwa wengi, 55 ni ya kidani na ya mtu mwenye mwili, 60 kuendelea inaingia ndani ya shati au inalala juu ya tisheti. Ukiwa na shingo fupi usijilazimishe na ya 45, itakufanya uonekane umekabwa, nenda 55 au 60 mkufu ushuke, shingo inaonekana ndefu.

Kuna jambo moja hapa wauzaji wengi hawasemi. Mkufu wa shanga nene unakaa mfupi kuliko urefu wake, kwa sababu unaopimwa ni uzi unaopita katikati ya shanga, lakini kinachogusa shingo yako ni upande wa ndani. Shanga za milimita 8 zinakula kama sentimita 2 na nusu, za milimita 10 zinakula 3. Yani mkufu wa 50 wa shanga za milimita 10 shingoni unakuwa kama 47. Kwahiyo ukiagiza shanga nene ongeza hizo sentimita tatu, la sivyo utarudisha.

Unene wenyewe sasa. Milimita 4 ni nyembamba, inapendeza ukiwa na kidani au ukivaa na cheni nyingine. Milimita 6 inaingia chini ya shati la ofisini bila kujichora. Milimita 8 ndo ya kiume ya kawaida. Milimita 10 na zaidi ni ya mtu anayetaka aonekane toka mlangoni, ila kumbuka uzito. Nilikaa siku moja nikapiga hesabu, mkufu wa sentimita 50 wa shanga za milimita 8 za jiwe la jamii ya kwozi (amethisti, taiga ai, akiki, zote ziko humo) ni kama gramu 44. Urefu huohuo na unene uleule kwa hematiti, lile jiwe jeusi zito lenye chuma ndani, ni gramu 88. Hematiti ya milimita 10 inafika gramu 139! Hiyo ni zaidi ya nusu ya robo kilo inaning'inia kwenye uzi na kwenye mishipa ya shingo siku nzima. Shika mkufu mkononi dakika mbili kabla hujalipa, mkono wako utakwambia.

Jiwe: uliza ugumu kabla ya kuuliza bei

Mawe yanapimwa ugumu kwa kipimo cha Mohs, 1 mpaka 10. Kucha yako ni kama 2 na nusu, glasi kama 5 na nusu, kwozi 7, yakuti 9, almasi 10. Kwanini 7 ni namba ya kukumbuka? Kwa sababu vumbi. Vumbi letu hili la barabarani limejaa chembechembe za mchanga, na mchanga ni kwozi, ugumu 7. Kila jiwe lililo chini ya 7 linakwanguliwa na vumbi taratibu, na linakwanguliwa zaidi pale unapolifuta na shati likiwa kavu. Mtu anadhani anasafisha kumbe anapiga msasa. Likiwa na vumbi suuza kwanza, ndo ufute.

Kwahiyo kwa mvaaji wa kila siku mi naanzia kwenye familia ya kwozi: akiki, taiga ai kutoka Afrika Kusini, oniksi nyeusi, jaspa, amethisti. Bei nafuu, ngumu, zinavumilia jasho. Oniksi nyeusi ya madukani mara nyingi ni akiki iliyotiwa rangi, na usishtuke, ile njia ya zamani ya kulilowesha jiwe kwenye sukari alafu kwenye asidi inaipeleka rangi ndani kabisa na haitoki, muuzaji akikwambia ukweli huo mshukuru tu. Amethisti ina shida moja, jua kali la muda mrefu linaipausha, usiiache kwenye dashibodi ya gari.

Akiki niseme kidogo maana ni jiwe letu kwa lugha na kwa mazoea. Watu wa pwani wanaijua tangu enzi, nyekundu ya kahawia ile, iliyokuwa inaletwa na majahazi kutoka Khambhat huko India na kutoka Yemen. Lugha yetu yenyewe ina majina ya mawe kibao, yakuti, zumaridi, feruzi, lulu, marijani, kaharabu, ni ushahidi kwamba watu wetu walivaa mawe zamani sana na hawakusubiri mtu wa nje aje kuwafundisha. Na atakayekwambia shanga shingoni ni mambo ya kike mpeleke Longido akasimame karibu na morani aliyejipamba.

Na Longido ndo kwenye jiwe ninalolipenda kuliko yote kwa mkufu wa kiume. Ni lile la kijani lenye madoa mekundu ya rubi na michirizi myeusi, wengine wanaliita anyolaiti, jina limetokana na neno la Kimaasai la kijani. Ile kijani ni zoisaiti, ndugu wa damu wa tanzanaiti. Hakuna shanga mbili zinazofanana, ukivaa na shati jeupe au jeusi huhitaji kitu kingine, na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Ugumu ni mchanganyiko, kijani kama 6 na rubi 9, kwahiyo likisuguliwa vibaya rubi inabaki imejitokeza kama kipele. Pitisha kidole gumba juu ya shanga, ikiwa laini kote ujue fundi wake alikuwa na subira.

Sasa tanzanaiti, maana najua ndo mnataka kuuliza. Saniniu Laizer, yule mchimbaji mdogo wa Mererani, alipouza yale mawe mawili ya tanzanaiti ya kilo 9.27 na 5.1 mwaka 2020 kwa shilingi bilioni 7.74, kila kijana aliyeingia kwangu miezi ile alitaka tanzanaiti. Ni jiwe letu, duniani kote linachimbwa Mererani tu kule Simanjiro, lilipatikana 1967 na mwaka uliofuata Tiffany wa Marekani wakalipa jina la nchi. Nalipenda. Ila sikushauri ulivae shingoni kila siku ukiwa mtu wa kazi za mikono. Ugumu wake ni 6 mpaka 6 na nusu, na ndani yake kuna upande mmoja ambao likigongwa sawasawa linapasuka wima kama kuni kavu. Likiwa kwenye kidani sawa, na hapo omba lizungushiwe ukingo wa fedha au dhahabu pande zote, sio vile vijikucha vinne vinavyoacha pembe wazi. Na ukimpelekea sonara kidani cha tanzanaiti aunge cheni, mwambie alitoe jiwe kwanza kabla ya kuwasha moto, nimeona mawe mawili yamepasuka hivyohivyo mezani. Utasikia pia bluu ya tanzanaiti inatokana na kuchomwa, ni kweli, mengi yanatoka yana ukahawia na yanachomwa kwenye nyuzi 500 mpaka 600 hivi, ni kawaida ya biashara yote na rangi hairudi nyuma, hujaibiwa. Shanga za tanzanaiti nazo zipo, ila nyingi ni za mawe yenye mawingu na nyufa, rangi hafifu, usitegemee ile bluu ya pete unazoziona kwenye kabati za vioo dukani.

Ukitaka kijani cha thamani kinachovumilia zaidi kuna tsavoraiti, inatoka huku kwetu na kule Taita Taveta Kenya, jina wamelitoa Tsavo, ugumu unazidi 7 na kwa kawaida haichomwi wala haitiwi chochote. Spineli ya Mahenge ni 8, rubi na yakuti za bluu 9. Hizo ni za kidani kimoja kidogo na mfuko mzito.

Mawe laini: lapis 5, feruzi 5 mpaka 6, opali nayo humohumo. Malakaiti ya Kongo, ile kijani yenye mistari kama miti iliyokatwa, kutoka upande wa Kolwezi na Lubumbashi, hiyo ni 3 na nusu mpaka 4 tu na ndani yake ni shaba, jasho linaila, limau linaila, manukato yanaila. Nzuri kupita maelezo, lakini ni ya kuvaa saa tatu nne juu ya kola ya shati, sio juu ya ngozi yenye jasho. Na wale mnaotumbukiza mawe kwenye maji ya kunywa, malakaiti msiiguse, shaba inaingia kwenye maji.

Kuhusu mawe yanayoleta bahati, nguvu, hela na mapenzi, mi nimekaa na mawe miaka minane na ninachoweza kukuhakikishia ni rangi na ugumu. Kama jiwe linakupa moyo vaa, lakini usilipe shilingi ya ziada kwa sababu muuzaji kasema lina nguvu.

Kujua feki bila mashine

Mwaka wa pili kwenye kazi hii nilinunua shanga nilizouziwa kama feruzi, nikatunga mkufu wa kaka yangu avae kwenye sendofu ya mkewe. Shati jeupe, joto, ukumbi umejaa. Mpaka wanafika kwenye keki kola ilikuwa na mstari wa bluu kuzunguka shingo nzima na picha zote ziko hivyo hadi leo. Lilikuwa ni jiwe jeupe la bei rahisi linaitwa haulaiti, lina mishipa ya kijivu kama feruzi, linachovywa rangi linauzwa. Iliniuma sana na toka hapo sinunui kitu bila pamba. Chovya pamba kwenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, sugua karibu na tundu mahali pasipoonekana, pamba ikitoka na rangi rudisha. Omba ruhusa kwanza, muuzaji mkweli hakatai, na usifanye hivyo kwa lulu, kaharabu wala marijani, zitaharibika.

Mengine ya kuangalia ni haya. Weka shanga shavuni au mdomoni juu, jiwe ni la baridi na linachelewa kupata joto, plastiki inapata joto haraka na ni nyepesi. Mulika na tochi ya simu, ukiona vipovu vya duara ndani ni kioo. Angalia shanga kumi mfululizo, kama zote zina michirizi ileile mahali palepale hizo zimetoka kiwandani, hakuna mlima unaojirudia hivyo. Angalia ndani ya tundu, rangi ikiwa imejikusanya pale na kwenye nyufa ni ya kupaka. Kwa tanzanaiti, ligeuzegeuze taratibu kwenye mwanga, la kweli ukiliangalia upande huu ni bluu na upande ule linavuta zambarau, kioo kinabaki rangi moja popote ukigeuza. Na mwanga wenyewe unadanganya, taa ya njano ya dukani inalivutia kwenye zambarau, mwanga wa mchana unalirudisha kwenye bluu, kwahiyo toka nje nalo mlangoni ndo uamue. Wale wa kukwangua jiwe kwa kisu kuonyesha ni gumu waambie waache, utaharibu mali na hutajifunza kitu.

Kama ni jiwe la hela nyingi usitegemee macho yako wala yangu, lipeleke kwa mtu mwenye vifaa. Hapa Arusha kuna Kituo cha Jemolojia cha serikali, na jiwe la thamani linunuliwe kwa mwenye leseni, na risiti, maana biashara ya madini bila leseni ni kosa na ukisafiri nalo nje utaulizwa karatasi. Anayekuvuta pembeni barabarani akafungua karatasi iliyokunjwa, hata kama ni broka wa kweli, we sio mtu wa kununua pale.

Cheni, uzi na kifungio

Hapa ndo naomba utulie maana hapa ndo mikufu inakufa.

Kwa cheni, fedha iwe na muhuri wa 925, dhahabu iwe na 375 kwa karati 9, 585 kwa 14, 750 kwa 18, 916 kwa 22. Ukipitisha sumaku fedha na dhahabu hazivutwi, isipokuwa kifungio kinaweza kuvutwa kidogo maana ndani kuna springi ya chuma, usimgombeze muuzaji kwa hilo. Kwa mtu wa jasho na hela ya kawaida mi nasema stili ya 316L (ni aina ya stili isiyoshika kutu), haifubai, haipauki, unaoga nayo. Ile ya kupakwa dhahabu juu itachubuka shingoni nyuma kwanza, na kama chini kuna nikeli na ngozi yako haiipendi utaona wekundu na muwasho ndani ya siku chache. Fedha inakuwa nyeusi kwa salfa ya hewani na ya mwilini, sio feki, inasafishika, na fundi asikwambie utumie dawa ya meno, inakwangua.

Mtindo wa cheni uendane na jiwe. Kidani kizito kinataka cheni ya viungo vilivyobanana, ile bapa ya Kyuban au ile iliyosokotwa kama kamba. Kidani chepesi kwenye cheni nene kinapotea. Na hakikisha pete ya juu ya kidani inapitisha kifungio cha cheni, vinginevyo utashindwa kubadilisha.

Chukua cheni, tafuta kale kapete kadogo kanakounganisha kifungio na cheni. Kakodolee macho. Kama kuna mwanya hata wa unywele, hapo ndo patafunguka, maana hakajaungwa kwa moto, kamebanwa na koleo tu. Nikihesabu cheni zilizoletwa kwangu kwa kukatika, nyingi hazijakatika kabisa, kapete tu ndo kamefunguka na kidani kikaenda. Omba kaungwe. Kifungio kiwe kile cha mdomo wenye springi, kikubwa cha kutosha ukifunge mwenyewe bila kumwita mtu, kifungue na kukifunga mara kumi dukani, kikikwama mara moja acha. Vya sumaku vinaachia ukivuta begi begani, sivitaki.

Kwa shanga, uzi. Elastiki ni ya bangili, shingoni inalegea na mwezi wa pili mkufu uko tumboni. Uzi wa kuvulia samaki unakakamaa na kukatika ghafla. Ninaotumia mi ni nailoni ya kusokotwa, au waya mwembamba wa chuma uliovikwa plastiki kwa shanga nzito. Na fundo kati ya kila shanga na shanga, hilo ndo linamtofautisha fundi na mtu aliyepitisha uzi tu. Yule kaka wa daladala angekuwa na mafundo angepoteza shanga moja, labda hata hiyo moja asingepoteza. Mafundo pia yanazuia shanga zisisagane zenyewe kwa zenyewe. Mkufu wa mafundo unakunywa uzi zaidi na unachukua nusu siku ya fundi, ndo maana unauzwa ghali kidogo, lipa hiyo hela.

Ukiwa dukani na mkufu uliotungwa tayari, sogeza shanga mbili karibu na kifungio uone uzi. Ukiona umeota manyoya na mkufu ni mpya, matundu hayo ni makali. Rudisha mezani.

Nguo na mahali

Hapa nitapita haraka, kila mtu ana macho yake. Shati la kitenge lenye maua mengi linataka jiwe la rangi moja, nyeusi au kahawia. Tisheti ya rangi moja inabeba jiwe lenye michoro. Ukivaa tai, mkufu ubaki nyumbani. Mkufu na saa na bangili vikiwa vya metali moja inatosha, huhitaji mawe yafanane. Ndugu zangu Waislamu mnajua dhahabu kwa mwanaume hairuhusiwi, na mkufu wenyewe masheikh wengi wanauhesabu ni pambo la wanawake, kwahiyo ongea na sheikh wako kwanza, pete ya fedha yenye akiki ndo njia ambayo wazee wa pwani wameishika.

Ukinunua kwa picha za mtandaoni, usilipe kabla hujapata video ya mkufu ukiwa mkononi mwa mtu kwenye mwanga wa mchana, ukiwa juu ya rula, na kifungio kikifunguliwa. Muulize milimita ngapi, uzi gani, mafundo yapo? Asiyejua kujibu hayo anauza picha.

Ukishakuwa nao

Manukato na losheni kwanza, vikauke, mkufu wa mwisho kuvaliwa na wa kwanza kuvuliwa. Bwawa la kuogelea hapana, klorini inakula fedha na inaharibu mawe laini. Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya maji, mswaki laini wa mtoto, suuza, ulaze juu ya taulo ukauke, usiutundike ukiwa umelowa maana uzi unavutika. Lapis, feruzi na malakaiti usiziloweke, futa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Zile mashine za kutikisa zenye maji kwa masonara usiruhusu tanzanaiti iingizwe. Kila mkufu na kifuko chake, vikichanganywa kwenye kikopo kimoja lile gumu litalikwangua laini.

Mkufu wa shanga unaovaliwa kila siku urudishe kwa fundi kila mwaka utungwe upya, hata kama haujakatika. Na siku unaagiza, kabla fundi hajaanza, mwambie akuwekee shanga mbili za akiba kutoka kwenye fungu lilelile la shanga, uziweke kwenye bahasha na uandike tarehe. Yule kaka wa leso ilibidi nimfupishie mkufu na kumwongezea cheni ya fedha nyuma, maana lapis ya bluu ile ile nilitafuta Arusha nzima na sikuipata.